Mtungi Ulioota Maua

Saa tano na dakika kumi, Alhamisi. Kuang Mdogo aliingia mgahawani kwangu na mwenzake mmoja, akaipita meza ya pili iliyokuwa wazi, akaketi meza ya tatu. Meza ya tatu ndiyo iliyo karibu na mlango wa jikoni. Kutoka hapo mtu anaona mahali kaka yake alipoanguka siku tisa kabla.

Kwa aliyekosa yaliyopita, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Luo Minghui, mwenye mgahawa wa meza sita katika mtaa wa zamani wa Zigong, mji wa visima vya chumvi. Mume wangu, Tan Jiwen, alikuwa akisimama kwenye karai, mimi nikikata. Mwezi wa tatu watu wa Kuang Mkubwa walianza kuwaondoa wakazi ili mtaa ubomolewe. Aliyekataa kutia sahihi alivunjiwa madirisha. Mwezi wa nne alivunjwa mbavu.

Sisi tulikataa. Jumanne ya wiki iliyopita, saa sita mchana, Kuang Mkubwa alikuja mwenyewe. Alimvunja mume wangu mkono wa kulia kwa mchi wa kutwangia pilipili. Dakika moja haikupita, naye Kuang akawa chini, ametobolewa chini ya mbavu. Moshi wa mafuta ulikuwa umejaa jikoni. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga gesi. Nilipogeuka nilimkuta amelala, na mume wangu amesimama juu yake. Kisu hakikuonekana.

Kuang Mkubwa alipelekwa hospitali hajitambui. Mume wangu alipelekwa rumande.

Nilipoishia, mkono wangu ulikuwa ndani ya mtungi wa achari hadi kwenye kiwiko, na vidole vimegusa chuma.

Sasa niseme nilichokificha. Nilikitoa. Kilikuwa kisu kifupi cha kupasulia mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, mpini wake umezungushiwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mpira huo niliuzungusha mimi, mwaka ambao mpini ulipasuka. Ni kisu cha Ge Suqin. Kwa miaka kumi na minane Suqin ameniletea mikunga kutoka sokoni na kuwapasua mlangoni kwangu. Tangu mume wangu achukuliwe, amekuwa akibaki kunioshea vyombo bila kuombwa.

Nilikirudisha mtungini, nikafunika.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Kwa siku nne mume wangu alikaa rumande nami nikiwa na kitu cha kumtoa. Afisa Shen, mwanamke anayeshughulikia kesi, aliniambia kwa simu kwamba hati ya mashtaka itasainiwa Alhamisi saa tisa alasiri. Baada ya hapo hata ukweli ungechukua miaka kumfikia. Nilisikia vizuri. Sikukitoa kisu.

Hilo ndilo ungamo langu. Yafuatayo ni yaliyotokea.

"Mama Bosi!" Kuang Mdogo aliita. "Leta samaki wa mafuta ya pilipili. Leta na nyama iliyopikwa mara mbili. Na tabasamu, kama bado unalo."

"Tabasamu limekwisha," nilisema. "Samaki yupo."

"Anakumbuka nilivyo mteja mwema," alimwambia mwenzake, mtu wa shingo nene ambaye hakuwa amesema neno.

Niliwasha moto. Suqin alikuwa mlangoni, amechuchumaa mbele ya ubao wake. Alichukua mkunga kwenye ndoo, akagonga kichwa chake ubaoni, akakipigilia msumari, akapitisha kisu kuanzia shingo hadi mkia. Sekunde nne. Utumbo kushoto, mfupa kulia. Akachukua mwingine. Kisu kilikuwa kipya, mpini mwekundu wa plastiki. Alikuwa nacho kwa siku tisa na hakuna aliyemuuliza.

Meza ya kwanza alikuwa Mzee Fu. Amefanya kazi visimani miaka thelathini, na amekula kwangu mchana miaka ishirini na sita. Siku hiyo alikuwa na bakuli la damu ya bata na utumbo, na kikombe cha pombe ya mtama. Aligonga vijiti mezani.

"Minghui! Siku ya nne hii nakula wali bila achari. Umeniona mtu wa Shanghai? Kesho si utanitilia sukari kwenye tofu!"

Watu walicheka. Walikuwa tisa kwenye meza zile. Kuang Mdogo hakucheka.

Kwetu mgahawa unaweza kukosa nyama, ukakosa samaki, mteja akaguna na kuagiza kingine. Achari haikosekani. Kisahani chake huja na wali bila kuagizwa, kama vijiti. Ningeweza kununua ya pakiti dukani na kuimimina kwenye visahani. Katika miaka ishirini na sita sijawahi kuweka achari ya pakiti mezani, na sikufikiri kwamba heshima hiyo ingenigharimu. Nilikosea hapo.

"Achari imekwisha vipi?" Kuang Mdogo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Imekwisha."

"Mtungi wa mama mkwe wako? Maji yake yana miaka arobaini na moja. Mtaa mzima umechota humo maji ya kuanzishia achari. Mama yangu mwenyewe alichota bakuli humo."

"Inahitaji kupumzishwa."

"Umeota maua?"

Macho yangu yalikwenda kwenye mtungi. Ilitosha.

Alisogeza kiti nyuma. "Nilipokuwa mtoto nilichovya kijiti chenye mafuta kwenye mtungi wa mama. Siku ya tatu, utando mweupe juu ya maji. Maua. Nilichapwa mpaka nikajikojolea. Maua hayaji bila mafuta, Mama Bosi. Nani ametia mkono wa mafuta kwenye mtungi wako?"

"Mimi."

"Wewe." Alimgeukia mwenye shingo nene. "Umemsikia? Mpishi mzima. Mtungi wa mama mkwe. Ametia mkono wa mafuta, kama mtoto." Kisha akauliza mgahawa mzima, si mtu mmoja: "Yalianza lini maua?"

"Ijumaa achari ilikuwa na uteute," alisema Mzee Fu. Alijibu kama mteja anavyojibu akiulizwa habari ya chakula. Kisha akaweka vijiti chini, taratibu. Alikuwa ameelewa.

Kuang Mdogo alihesabu kwa vidole, kwa sauti. "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Siku ya tatu." Akasimama. "Kaka yangu alichomwa Jumanne."

Mwenye shingo nene alienda mlangoni, akamsukuma Suqin ndani pamoja na ubao wake, akashusha shata ya chuma ya mlangoni hadi usawa wa magoti. "Kuleni," aliwaambia wateja. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. "Kuleni tu. Chakula kitapoa."

Mzee Fu alisimama kwenye mlango wa jikoni. Ana miaka sabini na nne.

"We kijana. Mtu haingii jikoni kwa mwanamke wa watu. Mama yako hakukufundisha?"

"Mzee, kaa."

"Nimekaa chini ya ardhi miaka thelathini. Leo nitasimama."

Kuang Mdogo alichukua bakuli la Mzee Fu lenyewe, likiwa bado na mchuzi, akampiga nalo usoni. Bakuli lilivunjika. Pua ilivunjika pia, na meno mawili; daktari aliandika mawili. Mzee Fu alianguka kwa upande, akiwa na damu yake na ya bata usoni. Mwanamke mmoja wa meza ya tano alipiga kelele mara moja, akanyamaza alipotazamwa.

Mtungi unakaa pembeni mwa jikoni, mbali na jiko. Unafika kiunoni. Ni wa udongo wa kahawia, na shingo yake ina mfereji wa maji unaoziba kifuniko ili hewa isipite. Kuang Mdogo hakuhangaika na kifuniko. Alinyanyua kigoda.

Pigo la kwanza lilitoa sauti kama ya kengele. La pili lilipasua.

Maji yalitoka yote kwa pamoja. Pilipili, tangawizi, figili, majani ya haradali, vyote vilitiririka hadi chini ya meza za wateja. Harufu ilikuwa ya uchachu na ya kuoza kidogo. Kisu kilikuja na maji, kikasimama kwenye kizingiti.

Alikiokota kwa vidole viwili.

"Cha nani?"

Wateja walitazama mabakuli yao.

"Naona wote mmekuwa na adabu leo." Alikigeuza kwenye mwanga. Si mjinga, nilishaandika hivyo na narudia. Alitazama upana wa kisu, ncha yake, kisha akatazama ubao wa mikunga, kisha mtu aliyekuwa kando ya ubao. "Hiki si kisu cha mboga. Dada Ge, hiki ni kisu cha kazi yako."

"Visu vya mikunga viko sokoni, vimejaa," alisema Suqin.

"Hicho chako kipya kina siku ngapi?"

Kuang Mdogo alimshika Suqin nywele, akamvuta kichwa nyuma hadi shingo ikatoka mishipa. Ndoo ya mikunga ilipinduka. Mikunga wakaingia kwenye maji ya mtungi na kuanza kujinyonganyonga kwa sababu ya chumvi.

"Nimekuuliza kwa heshima," alisema. "Siku ngapi?"

Akamchana shavu. Sentimita nne, chini ya jicho la kushoto. Suqin hakulia. Alikuwa akinitazama mimi, na macho yake hayakuniomba kitu. Naandika hivyo kwa sababu baadaye nilijiuliza sana kama aliomba. Hakuomba.

Kuang Mdogo alihamisha ncha ya kisu hadi chini ya taya.

Ningesema "ni chake," mume wangu angekuwa nyumbani kabla ya jioni, na Suqin angekufa pale pale, mbele yangu, kabla sijamaliza sentensi. Hesabu hiyo haikuwa ngumu.

"Mwache," nilisema. "Kisu ni changu."

"Chako?"

"Changu. Nilikinunua sokoni. Mimi ndiye niliyemchoma kaka yako. Nikakificha kwenye mtungi wangu."

Wateja wote walisikia. Kuang Mdogo alimwachia Suqin kama mtu anavyoachia mfuko.

"Wewe," alisema. "Bibi kizee wa kukata vitunguu."

"Mimi. Alilia kidogo, kisha akanyamaza."

Si kweli kwamba alilia. Nilisema hivyo ili aje upande wangu.

Alikuja. Hatua nne kutoka kwa Suqin hadi kwenye jiko. Karaini mafuta ya samaki wake yalikuwa tayari yanatoa moshi. Pilipili kavu na pilipili ya kutia ganzi ulimi nilikuwa nimeshazitia, zimeanza kuwa nyeusi. Alikuwa ameagiza samaki huyo mwenyewe. Nilichota upawa mmoja uliojaa, nikamrushia kuanzia sikio la kulia hadi kifuani.

Sauti ya mafuta kwenye ngozi yenye jasho ni ile ile ya mafuta kwenye samaki. Sina namna nyingine ya kuieleza. Aliangusha kisu, akaushika uso, na mikono nayo ikaungua. Alipiga magoti kwenye maji ya mtungi. Kilio chake kilifika barabarani. Muuza maandazi ya mvuke wa ng'ambo ya barabara alisema aliacha sufuria wazi na kukimbia.

Mwenye shingo nene alikuja na kigoda juu ya kichwa. Alikanyaga mkunga. Aliteleza, akaanguka kifudifudi, mkono wa kushoto mbele, na mkono huo ukatua juu ya ubao.

Suqin alifanya kazi yake. Kisu kipya kilipita kati ya mifupa ya kiganja na kuzama kwenye mbao. Sekunde nne, pengine pungufu.

"Tulia," alimwambia. Damu ya shavuni ilikuwa inamdondokea mtu yule mgongoni. "Mkunga akitulia hachaniki zaidi."

Alitulia.

Nilizima gesi. Nilimfunga Suqin shavu kwa aproni yangu. Mteja mmoja alimnyanyua Mzee Fu, ambaye alitema jino, akalitazama na kusema, "Na sasa hata ukinipa achari nitaitafunia wapi?"

Hakuna aliyecheka, lakini watu walipumua.

Saa tano na dakika arobaini shata ilinyanyuliwa kutoka nje. Afisa Shen aliingia, na polisi kijana nyuma yake. Hakuna aliyewapigia simu bado. Mkononi mwake alikuwa na glavu na mfuko wa plastiki wa kuhifadhia vielelezo.

Aliwatazama waliokuwa sakafuni, mmoja mmoja. Aliutazama mtungi uliovunjika. Kisha akautazama mfuko wake.

"Nimechelewa," alisema.

Sikumwelewa wakati huo.

Waliita gari la wagonjwa. Kuang Mdogo alibebwa akiwa hai. Mwenye shingo nene alibebwa pamoja na ubao. Mzee Fu alikataa machela, akatembea. Afisa Shen aliokota kisu cha mpini wa mpira, akakitia mfukoni, akaufunga mfuko na kuuweka kwenye meza ya tatu. Aliketi. Alituonyesha viti, mimi na Suqin.

"Hiki," alisema, "ni cha nani?"

"Changu," nilisema.

"Dada Luo."

"Waulize. Nimesema mbele ya mgahawa mzima."

"Anasema uongo," alisema Suqin kupitia aproni. "Changu. Huo mpira alinizungushia yeye, lakini kisu changu. Mimi ndiye niliyemchoma Kuang."

Afisa Shen aliandika. Hakuonyesha kushangaa. "Kwa nini?"

"Alikuwa ameshanyanyua karai. Lote, na mafuta yote. Huyu ameinama anafunga gesi, mgongo wake uko wazi hivi. Ningengoja nini? Nimwandikie barua?"

"Kwa hiyo ulimchoma."

"Mara moja. Nilikuwa na kisu mkononi, nimetoka kwenye ubao. Akaanguka, karai likaanguka. Nikaacha kisu palepale, nikatokea mlango wa nyuma."

Nililijua karai hilo. Lilikutwa sakafuni, nyuma ya visigino vyangu, na mafuta yametapakaa ukutani. Katika maelezo yangu ya kwanza kwa polisi nilisema liliangushwa kwenye vurugu. Nilikuwa nimetembea siku tisa na mgongo ambao haukupaswa kuwa mzima, bila kujua.

Nilimshika Suqin mkono chini ya meza. Alinibana vidole.

"Ulikiacha kisu sakafuni," Afisa Shen alirudia. "Hukukitia mtungini?"

Suqin alimkazia macho kama mtu aliyetukanwa. "Nitie kisu cha mikunga kwenye mtungi wa watu? Mafuta yote yale? Mimi nina mtungi wangu nyumbani, Afisa. Najua."

"Basi nani?"

Nilifikiri. Mkono ulioingia ulikuwa na mafuta. Jikoni siku ile watu wenye mafuta mikononi tulikuwa wawili. Mmoja alikuwa mimi.

Afisa Shen alifungua jalada. "Sipaswi kuwasomea hili. Nawasomea kwa sababu kisheria nina mtu mmoja aliyekiri, na sasa mmenipa wengine wawili kwa kisu kimoja." Alitafuta mstari kwa kidole. "Tan Jiwen alikiri leo saa tatu asubuhi. Kwa hiari. Ndiyo maana nimekuja na mfuko: alitueleza kisu kilipo."

"Alikiri nini?" niliuliza. "Mkono wake wa kulia umevunjika vipande vitatu. Mmeupiga picha wenyewe."

"Anasema alitumia wa kushoto. Kisha kwa huo huo wa kushoto akakiingiza kisu kwenye mtungi wa mama yake, wewe ukiwa umekimbilia barabarani kuita gari la wagonjwa."

Nilielewa, au niliamini kwamba nimeelewa. Mume wangu alimwona mtu mmoja tu jikoni wakati moshi ulipopungua, na mtu huyo alikuwa mkewe. Aliamini mimi ndiye niliyechoma. Aliharibu maji ya mama yake kwa ajili yangu, na leo amejitoa kwa ajili yangu. Nilikuwa karibu kusema hivyo kwa sauti.

"Nilimuuliza kisu amekipata wapi," Afisa Shen aliendelea, "kwa sababu alikieleza vizuri mno, hadi mpira wa mpini, na si cha jikoni kwenu. Jibu lake liko hapa. Nasoma kama lilivyo: 'Kisu nilikichukua mezani kwa Suqin alfajiri hiyo, nilipokuwa natoka kwake.'"

Feni ya ukutani ilikuwa inazunguka. Mkunga mmoja alikuwa bado hai chini ya meza ya tano.

Mume wangu hutoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kuchukua nyama machinjioni. Hurudi saa kumi na mbili. Amefanya hivyo kila siku kwa miaka kumi na minane. Kutoka kwetu hadi machinjioni ni mwendo wa dakika ishirini. Hadi kwa Suqin ni dakika nane, na njia ni ile ile. Mbele yangu hajawahi kumwita ila "Dada Ge."

Niliutoa mkono wangu chini ya meza.

Afisa Shen alimtazama Suqin. "Una la kusema?"

Suqin alikuwa ameibana aproni yangu shavuni. Damu ilikuwa imepita tabaka la kwanza.

"Hapo kwenye kisu amedanganya," alisema.

Afisa Shen alingoja. "Na kwingine?"

Suqin hakunitazama. Alitazama vipande vya mtungi.

Simu ya polisi kijana ililia. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akainama sikioni kwa mkubwa wake, lakini mgahawa ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. Kuang Mkubwa alikuwa amefariki saa sita na dakika thelathini na moja, bila kuzinduka.

Afisa Shen alifunga jalada. Alichukua karatasi mpya, akaandika tarehe na saa.

"Sasa ni kesi nyingine," alisema. "Dada Ge, nyamaza kwanza. Nina wa kumuuliza."

Ningesema ni changu, mume wangu na Suqin wangebaki huru, wakitokea mlango mmoja. Ningesema ni cha Suqin, mume wangu angerudi nyumbani, na aliyeukinga mgongo wangu angeenda mahali ambapo watu hawarudi. Nilikuwa na aproni moja, nayo ilikuwa usoni mwake.

Saa saba kamili Afisa Shen alibonyeza kinasa sauti, akakiweka mezani kando ya mfuko wenye kisu, akausogeza mfuko mbele yangu kwa kalamu.

"Dada Luo," alisema. "Kwa mara ya mwisho, na rasmi. Kisu hiki ni cha nani?"